Usinunue Namba, Nunua Gari

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unatafuta gari la mkononi, mara nyingi swali lake la kwanza halihusu injini wala mwaka wa kutengenezwa. Atakuuliza, "Unataka namba gani?" Namba C ina bei yake, D ina yake, na E, ambayo ndiyo mpya, ina bei ya juu kuliko zote. Magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja yanaweza kupishana kwa mamilioni ya shilingi kwa sababu ya herufi moja kwenye bati. Naamini hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotezea fedha, na hapo hapo ndipo ilipo nafasi yako ya kupata gari zuri kwa bei ya haki.

Herufi hiyo inaeleza jambo moja tu: gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lilitengenezwa lini, limetembea kiasi gani, wala limepita mikononi mwa nani. Toyota IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007. Ukiiona na namba E inayong'aa, ujue ilizeeka Japani miaka mingi kabla ya kupakiwa melini. Kenya hukataa magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tunayaruhusu, ila tunayatoza ushuru wa ziada wa uchakavu, na yakivuka miaka 10 ushuru huo hupanda tena. Ndiyo maana gari kuukuu na namba mpya hukutana bila tatizo lolote. Isitoshe, namba D ilitolewa kwa miaka mingi. Gari la DAB na gari la DYC yote huitwa "namba D" sokoni, ilhali yamepishana miaka kadhaa kwenye barabara zetu.

Sisemi herufi haina maana. Gari lililokaa muda mrefu kwenye matuta na mashimo yetu huwa limechoka miguu: shokapu, bushi, boljointi. Lakini hivyo ni vitu vinavyobadilishwa, na bei yake unaweza kuiulizia Kariakoo kabla hujatoa hata shilingi. Injini iliyowahi kuchemka au gia boksi iliyoungua ni msiba wa aina nyingine. Kwa hiyo ukipata namba C iliyomilikiwa na mtu mmoja aliyekuwa akibadilisha oili kwa wakati, ichukue kwa uzito kuliko namba E iliyopigwa rangi wiki iliyopita. Soko letu hulipa namba na halilipi matunzo. Mnunuzi anayejua kuyatambua matunzo hununua kitu kizuri kwa bei ambayo wengine wameidharau.

Jua bei kabla hujaulizwa bajeti

Anza na dari. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Unaingiza aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, nacho kinakupa makadirio ya kodi zote. Chukua bei ya gari kama hilo kwa wauzaji wa Japani, pamoja na usafiri na bima hadi bandari ya Dar es Salaam, ongeza kodi hizo, ongeza gharama za wakala wa forodha na usajili. Jumla hiyo ndiyo gharama ya kuagiza. Gari ambalo tayari limetumika hapa nchini halipaswi kuifikia, na utashangaa ni mara ngapi utatajiwa bei inayoikaribia.

Kisha kusanya matangazo. Yaandike kwenye daftari: mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, namba, kilomita, bei. Usitosheke na mawili au matatu. Baada ya wiki mbili utaanza kuona mambo: gari lile lile linatangazwa na watu wanne kwa bei nne, au bei ya gari fulani imeshuka mara mbili bila kununuliwa. Kumbuka kwamba bei ya tangazo ni ombi la muuzaji. Ya kweli ni ile inayofikiwa mezani, nayo huwa chini.

Msimu nao una uzito. Novemba na Desemba watu wanataka magari ya kwendea nyumbani kwa sikukuu, Moshi, Bukoba na kwingineko, na wauzaji wanalijua hilo. Januari ada za shule huwa zimefika, na wenye magari wanaohitaji fedha taslimu hulegea. Kama unaweza kusubiri, subiri.

Na usiweke bajeti yote kwenye gari. Ukiwa na milioni 12, usitafute gari la milioni 12. Tafuta la milioni 10 au 10 na nusu, kwa sababu kuna uhamisho wa umiliki, bima, na marekebisho ya mwanzo ambayo hayakosekani hata gari likiwa zuri. Jihadhari pia na gari linaloonekana rahisi mno kwa hadhi yake. Toyota Brevis hupatikana kwa bei ya kuvutia, lakini injini yake ni ya lita 2.5 au 3.0, ya mfumo wa D4, na wengi huiuza kwa sababu ya mafuta na vipuri. Ukinunua gari, umenunua na kituo chake cha mafuta.

Dalali na cha juu chake

Dalali ana kazi halali na wapo wanaoifanya kwa uaminifu. Tatizo ni mnyororo. Mwenye gari anasema milioni 9, dalali wa kwanza anaweka cha juu chake, anawatumia wenzake picha kwenye WhatsApp, kila mmoja anaongeza chake, na wewe unatajiwa milioni 11 na kuambiwa "maongezi yapo". Hayo maongezi yanahusu vya juu vya madalali, na bei ya mwenye gari haijaguswa.

Dawa yake ni moja: usizungumze bei mpaka umeonana na mwenye gari. Mwambie dalali wazi tangu mwanzo kwamba utamlipa ujira wake kando, taja kiasi, na utimize ahadi. Dalali aliyehakikishiwa chake hana sababu ya kukuficha mwenye mali. Akikuambia mwenye gari yuko safarini, au amekabidhi kila kitu, au hataki kusumbuliwa, ondoka. Yapo magari mengine.

Yadi ni habari tofauti. Huko unalipia uhakika kidogo na namba mpya. Kama gari limetoka Japani, omba kuona karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, ambako mkaguzi huyapa alama: 4 na 4.5 ni gari zuri, ilhali R au RA humaanisha liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wa kasoro. Kilomita huandikwa pia. Zilinganishe na za kwenye dashibodi.

Siku ya kulikagua

Nenda asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, na umwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Likiwa la moto, mtu ametaka kukuficha namna linavyowaka likiwa baridi, maana hapo ndipo injini iliyochoka hujisema: huchelewa kuwaka, hutetemeka, hutoa moshi wa bluu kwa sababu inakula oili, au hugonga sekunde za kwanza kisha hunyamaza. Usikubali kukagua gari usiku, wala kwenye mvua, wala lililotoka kuoshwa sasa hivi. Maji huficha kasoro za rangi.

Gari likiwa bado limezimwa na baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ukikuta maji ya bomba yenye rangi ya kutu badala ya kulanti, mwenye gari hakuwa mtunzaji. Ukikuta utando wa oili, gasketi ya silinda hedi ina maswali. Fungua kifuniko cha oili pia. Uji mweupe chini yake huweza kuwa dalili ya maji yaliyokutana na oili. Kisha angalia jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita: feni. Magari yetu mengi yaliyokuwa yakichemka "hutibiwa" kwa kuondoa themostati na kuunga feni moja kwa moja, izunguke muda wote mara tu unapowasha gari. Siku ya kuuzwa halichemki, na wewe hujui kwa nini. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa na injini ikiwa baridi, feni ya umeme kwa kawaida huwa imetulia. Ikianza kuzunguka papo hapo, uliza, na mwachie fundi wako afuatilie waya.

Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa zote za tahadhari zinatakiwa ziwake, ya injini, ya oili, ya mifuko ya hewa, ya breki, kisha zizime kwa zamu gari likishawaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda mtu amechomoa balbu ili usione ugonjwa.

Sasa bodi. Simama mbele, chuchumaa, utazame ubavu wa gari kuelekea nyuma. Mawimbi ya rangi huonekana kwa mwanga wa pembeni. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe kwenye milango na mabawa. Pasiposhika, kwenye sehemu ambayo si ya plastiki, chini yake kuna puti. Tazama nati zinazoshika boneti na mabawa. Zikiwa zimechubuka rangi, zilifunguliwa, na lazima kuna sababu. Soma maandishi madogo kwenye vioo: kimoja kikiwa cha kampuni tofauti na vingine, kimebadilishwa. Nyanyua zulia la buti, toa tairi la akiba, angalia bati la chini kama limekunjamana au limechomelewa.

Hapo hapo tafuta dalili za mafuriko. Kila masika, Jangwani na maeneo mengine ya mabondeni hufunikwa maji, na magari huzama humo. Baada ya miezi michache yanarudi sokoni yakiwa yamepuliziwa marashi. Ingiza mkono chini ya zulia la mbele, unuse, angalia kutu kwenye reli za viti na matope makavu kwenye mapito ya waya chini ya dashibodi. Mkanda wa kiti uvute hadi mwisho wake. Mstari wa maji huonekana pale ambapo hakuna aliyeosha. Gari lililozama likatae hata ukipewa kwa nusu bei, maana umeme wake utakusumbua mpaka uchoke.

Kilomita za dashibodi zisome ukilinganisha na vitu vinavyoguswa kila siku. Gari la kilomita 70,000 haliwi na pedali ya breki iliyolika, usukani uliong'aa kama kigae na kiti cha dereva kilichozama. Ukikuta viti vya nyuma na vishikio vya milango ya nyuma vimechakaa kuliko vya mbele, huenda gari lilikuwa likibeba abiria, hasa likiwa IST au Passo. Mara nyingine bahati hukusaidia: kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti hubaki stika ya Kijapani ya kubadilisha oili, yenye tarehe na kilomita. Ikisema zaidi ya dashibodi, mazungumzo yameisha. Tairi nazo zina tarehe. Tafuta tarakimu nne zilizozungushiwa duara refu ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zilizozeeka ni hoja ya kupunguza bei hata kama kashata zake bado zina kina.

Kisha liendeshe, na si kuzunguka mtaa mmoja. Lipeleke kwenye mlima, Goba au Kimara panatosha, lipandishe kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Lipitishe barabara ya vumbi ukiwa umefungua vioo na kuzima redio, usikilize miguu. Kwenye lami tupu achia usukani kidogo, halafu funga breki kwa nguvu. Likivuta upande au likitetemeka, kumbuka. Gari la otomatiki lisimamishe, shika breki, toa D kwenda R na kurudi. Gia ikichelewa kuingia au ikiingia kwa kishindo, hiyo ni gia boksi inayoomba fedha. Mwishoni liache likiunguruma kwa dakika ishirini huku kiyoyozi kinafanya kazi, kama lilivyo kwenye foleni ya jioni, ukitazama joto. Baadhi ya magari madogo hayana mshale wa joto, yana taa tu, na hapo kompyuta ya fundi ndiyo itakayokuonyesha.

Fundi huyo mchague wewe. Awe anaijua aina ya gari unalolitaka, asijuane na muuzaji, na umlipe ujira wa ukaguzi kabla hajaona gari, unaponunua na usiponunua. Fundi anayengoja asante ya dalali si fundi wako. Mwambie apime kompyuta baada ya safari, si kabla; hitilafu zilizofutwa asubuhi nyingi hurudi gari likishatembea. Akimaliza, usimuulize kama gari ni zuri. Mwombe orodha ya vinavyohitaji kufanywa na bei ya kila kimoja.

Karatasi

Gari zuri lenye karatasi mbovu si gari zuri. Omba kadi halisi ya gari, si picha. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Namba ya chesisi ya kwenye kadi uilinganishe mwenyewe na iliyogongwa kwenye gari, na namba ya injini vivyo hivyo. Magari ya Japani hujieleza kwa chesisi: IST inayoanza na NCP60 ni ya injini ya 1.3, na NCP61 ni ya 1.5. Kadi ikisema vingine, kuna injini iliyobadilishwa au kadi isiyo ya gari hilo.

Mara nyingi utakutana na muuzaji aliyenunua kwa mtu akaacha kuhamisha jina. Sharti liwe kwamba mwenye jina afike, asaini yeye. Akiwa amefariki, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mtoto mkubwa wa marehemu hana mamlaka hayo kwa kuwa mkubwa tu. Ukiambiwa kadi imepotea au "ipo kwa jamaa", simama hapo. Siku hizi kadi nyingi zimewekwa rehani kwa wakopeshaji wa kausha damu, na gari linalouzwa bila kadi laweza kuwa na mtu mwingine anayelifuata.

Madeni yanakaguliwa kwa simu ukiwa umekaa. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi uone faini za trafiki, ulizia ushuru wa maegesho wa TARURA, na kwenye mfumo wa TIRA uone kama bima iliyopo ni ya kweli. Madeni yote alipe muuzaji kabla ya kusaini, au yakatwe kwenye bei kwa maandishi. Gari lenye namba ya Zanzibar, au lililokuwa la ubalozi au mradi wa wafadhili, huenda halijalipiwa kodi zote za bara. Nenda TRA ukaulize kwanza, kwa sababu unafuu wake waweza kuwa deni lako.

Mezani

Kaa na mwenye gari, orodha ya fundi mkononi. Usilitukane gari la mtu. Ukilitukana anajihami, na bei inaganda. Sema lilivyo: "Kaka, gari nimelipenda na nina fedha tayari. Fundi ameona tairi nne zimezeeka, shokapu za mbele zinavuja, na bushi. Kwa bei za Kariakoo ni laki tisa pamoja na ufundi. Magari ya mwaka kama wake yanauzwa milioni 10 na nusu. Nakupa 9 na laki sita, tumalize leo." Kila tarakimu hapo ina ushahidi, na muuzaji atalazimika kuijibu moja moja. Taja ofa kisha nyamaza. Ukifika dari uliyojiwekea, mwachie namba yako ya simu, mpe mkono, ondoka kweli. Ukiwa umemwona Januari, kuna uwezekano mkubwa atapiga.

Mkikubaliana, nendeni kwa wakili. Mkataba utaje chesisi, injini, kilomita, bei, na kwamba muuzaji atabeba madeni yote ya kabla ya tarehe na saa ya makabidhiano. Wapo watakaokushawishi kuandika bei ndogo ili ushuru wa stempu upungue. Kataa. Siku mkigombana, utadai kile kilichoandikwa. Fedha ipite benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi, si ya shemeji wala ya dalali. Nyote wawili mtahitaji TIN, na uhamisho ufanyeni TRA mara moja, mkiwa pamoja, kabla muuzaji hajaanza kutopokea simu.

Bima ikate siku hiyo hiyo kwa jina lako. Ile aliyokuachia muuzaji ni ya jina lake. Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na filta zake, mafuta ya gia kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji, kulanti, na kama themostati ilikuwa imetolewa, irudishe na feni irudi kwenye mfumo wake. Andika kilomita za siku hiyo kwenye daftari, ulihifadhi kwenye kisanduku cha dashibodi, na risiti za gereji ziwe zinaingia humo kuanzia ya kwanza.